Siku Nilizofurahi Mlimani Hanang

Mwezi uliopita nilimsindikiza binti yangu hadi Katesh. Yuko kidato cha tatu, na shule yao ilikuwa inapeleka wanafunzi kambini chini ya Mlima Hanang, walale kwenye mahema, wajifunze kusoma ramani na dira, kisha wapande mlima. Waliomba wazazi wachache waende na basi kusaidia mizigo na kurudi nalo jioni ileile. Nikafunga duka langu la pembejeo pale Mbulu mjini, nikaenda. Si mbali, na wateja wangu wengine wanatoka huko, lakini sikuwa nimekanyaga upande ule tangu nikiwa na umri kama wa binti yangu.

Tulipoipita Dongobesh na kuendelea, mlima ukajitokeza. Kama umewahi kupita njia ile unajua unavyojitokeza. Hauko pamoja na milima mingine. Umekaa peke yake juu ya tambarare, na mara nyingi kichwa chake kimo ndani ya wingu. Watoto wakapiga kelele basi zima. Binti yangu akanigeukia.

"Mama, si ndiyo ule uliowahi kupanda?"

"Ndiyo wenyewe."

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa vizuri," nikamwambia.

Akangoja niendelee. Kisha akarudi kwa wenzake.

Ilikuwa vizuri kweli. Taabu yangu imekaa hapo hapo.

Nililelewa na Bibi, mama yake baba. Baba alikuwa machimboni Mirerani, tukimwona Krismasi, na mwaka mwingine hatukumwona. Mama aliolewa kwingine nikiwa mdogo sana. Nyumbani tulibaki Bibi na mimi, na baba mdogo akiwa jirani na mke wake na watoto. Kijiji chetu kiko juu, nje ya Mbulu, kule ambako mwezi wa sita na wa saba ukungu unaingia hadi jikoni na kukaa kama mgeni. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kuondoa samadi zizini kwa mikono. Wenzangu wa mjini wanakunja uso nikiwaambia hivyo, lakini wewe uliyekulia baridi ile utanielewa: kwa vidole vilivyoganda hakuna joto zuri kama la samadi mbichi. Bibi alikuwa anakamua upande wa pili, akiongea na ng'ombe kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa mtu. Maziwa aliyaweka kwenye kibuyu alichokisugua ndani kwa kijinga cha moto, hivyo maziwa yetu ya mgando yalikuwa na vidoa vyeusi na harufu ya moshi. Siku ya kwanza nilipokunywa maziwa ya pakiti nilidhani wamesahau kuweka kitu.

Jioni palikuwa na makande yaliyochemka mchana kutwa. Tulikula tumekaa karibu na moto hadi sketi yangu ikawa na madoa ya kuungua. Mtu yeyote akiingia, awe baba mdogo au mwenyekiti wa kitongoji, Bibi alimwambia neno lilelile kabla hata ya kuitikia shikamoo yake: "Funga mlango, baridi haina adabu."

Nilipomwambia habari za kambi alicheka hadi akakohoa.

"Mnakwenda kulala porini kwa kupenda? Sisi tulikimbia pori ili tulale ndani."

"Ni mafunzo, Bibi. Tutapanda Hanang."

Akachochea moto. Kutoka kwenye shamba letu la juu, siku isiyo na ukungu, mlima ule unaonekana mbali, wa buluu. Bibi alikuwa amelima akiutazama maisha yake yote na hakuwahi kuufikia.

"Basi nenda," akasema. "Ukirudi unisimulie kule juu kukoje. Usiruke kitu."

Alikuwa anakohoa tangu Pasaka. Tulikizoea kile kikohozi, tukasema ni moshi na uzee. Asubuhi ya kuondoka alinipa blanketi lake la kujifunika na bisi za mahindi kwenye mfuko wa sukari. Nilimwambia, wewe utajifunika nini? Akaniambia ana ng'ombe wa kutosha kumtia joto. Nikamwamkia, akanitemea mate kidogo kwenye paji la uso kunibariki, nikaenda kupanda lori la shule. Ndiyo mara ya mwisho, na sikuitazama kama mara ya mwisho. Nilikuwa nahofia kukosa nafasi ya kukaa pembeni.

Kambi ilikuwa kwenye uwanja wenye nyasi, chini kabisa ya mlima, kando ya kijito, na nyuma yake palikuwa na safu ya mikaratusi. Walikuja wanafunzi wa shule kadhaa za Mbulu na Hanang. Tulipangwa kwenye mahema bila kujali shule, na mimi nikawekwa na msichana wa Getanuwas, mtoto wa wafugaji, mrefu, mwenye makovu madogo ya urembo kuzunguka macho. Kiswahili chake na changu vyote vilikuwa vya darasani, kila mmoja na lafudhi ya kwao, na kwa hiyo tulichekana sana siku ya kwanza na baada ya hapo tukawa marafiki. Alikuwa haogopi chochote isipokuwa kuvuka maji. Mimi nilikuwa naogopa kila kitu isipokuwa maji. Pale kwenye kijito, siku waliyofunga kamba kutoka mti hadi mti tuvuke tukiishikilia, nilimtangulia akinishika mkanda wa sketi, na kwenye mawe yenye utelezi ya njia ya juu yeye akanitangulia mimi.

Mwalimu aliyetuongoza ni wa shule yetu, mwalimu wa Jiografia, mama mwenye sauti ndogo ambayo hakuhitaji kuipandisha. Alitufundisha kuikalisha ramani chini na kuigeuza hadi ikubaliane na nchi. Mpaka leo nakumbuka nilivyofurahi ile karatasi ilipogeuka ghafla ikawa ni mahali: ile mistari iliyobanana ndiyo mteremko ule pale, na ile alama nyeupe upande wa chini ndilo Ziwa Balangida na chumvi yake. Tulipika kwa zamu. Ugali wetu wa kwanza uliungua chini na juu ukawa mbichi, tukaula na dagaa, na hakuna aliyebakiza. Asubuhi tuliamka nyasi zikiwa nyeupe kwa umande, moshi wa mikaratusi ukitulia chini bila kupanda, na mahali fulani juu msituni ndege wanaongea ambao huku kwetu hawapo. Nilikuwa naweka kila kitu akilini kwa ajili ya Bibi. Ndege hao. Kamba. Ugali. Nilikuwa hata napanga nitaanza na lipi.

Simu hazikushika kambini. Mwalimu alikuwa anapanda kilima nyuma ya mikaratusi kila asubuhi kuzungumza na mkuu wa shule. Siku ya pili alichelewa kushuka. Tulikuwa tumeshakunywa uji tulipomwona amekaa juu ya jiwe, simu mkononi, akiangalia chini. Rafiki yangu akasema, "Mwalimu wenu anaumwa." Nikaenda kumwuliza kama nimletee uji. Akaniangalia muda mrefu kuliko swali lenyewe.

"Umelala vizuri?" akaniuliza.

"Nimelala vizuri, mwalimu."

"Unafurahia?"

Nikamwambia sijawahi kufurahi hivi tangu nizaliwe. Ndivyo nilivyosema, kwa maneno hayohayo, na ilikuwa kweli. Akaitikia kwa kichwa, akasema uji atakunywa baadaye.

Tulipanda mlima siku iliyofuata. Tulianza kukiwa bado kuna giza kidogo, tukapita msituni ambako miti imevaa mandevu ya kijivu, tukatokea kwenye nyasi ndefu, halafu kwenye mgongo wa mawe ambapo upepo ulikuwa unatusukuma kama mtu. Wengine waliishia njiani. Mwalimu alitembea nyuma yangu njia nzima, ingawa alikuwa na wanafunzi wengi wa kuangalia. Nilipochoka alinibebea begi. Nikaona ni wema wake tu.

Juu, wingu lilipasuka kwa muda mfupi. Nikaona dunia yote niliyowahi kuisikia: mashamba ya ngano ya Hanang yamepangwa kama viraka, Balangida nyeupe inamulika, ukuta wa bonde, na mbali kabisa kaskazini ile nchi ya juu ya kijani iliyofifia. Rafiki yangu alikuwa anapiga vigelegele akionyesha upande wa kwao. Na mimi nikatafuta kwetu.

"Mwalimu, kule ndiko Mbulu?"

"Kule ndiko."

Nikavua blanketi la Bibi nililokuwa nimejifunga begani, nikalipunga hewani kwa mikono miwili. Kila mtu akacheka. Nikauliza kwa utani, "Mwalimu, Bibi akiwa shambani sasa hivi ataniona?"

Aliangalia kule nilikokuwa napunga.

"Anakuona," akasema, na akageuka kuwahesabu wanafunzi.

Tulirudi Mbulu kambi ilipokwisha. Njiani tuliimba hadi sauti zikakauka. Lori lilipofika njia panda ya kwetu nilishuka, na Mwalimu naye akashuka. Nikamwambia hapa si kwako, mwalimu. Akasema anataka kumsalimia Bibi. Nilifurahi, kwa sababu mwalimu kuja nyumbani ni heshima, nikawa natembea mbele yake nikieleza ni shamba la nani na ni ng'ombe wa nani.

Niliyaona masufuria kabla ya kuwaona watu. Ya jumuiya, yale makubwa meusi ya kupikia shughuli, yameoshwa na kuinamishwa uani yakauke. Masufuria yale hayaji kwa mtu bila sababu, na kwetu hakukuwa na harusi. Baba mdogo alitoka nje amenyoa kichwa. Alinitazama, akamtazama Mwalimu.

"Umemwambia?" akamwuliza.

"Bado," Mwalimu akajibu.

Baba mdogo akanishika mabega. "Bibi yako ametutoka. Tumeshamzika."

Alifariki jioni ya siku ile niliyoondoka, amekaa karibu na moto wake. Baba mdogo alimpigia simu mkuu wa shule usiku uleule, na asubuhi Mwalimu akapewa habari juu ya kile kilima. Siku ya mazishi waliningoja. Kaburi lilikaa wazi, padri akasubiri, watu wakasubiri, hadi jua lilipoelekea kuzama wakaona hakuna namna. Barabara ilikuwa kavu. Magari yalikuwepo. Haya yote niliyasikia nimesimama pale pale, begi mgongoni, kwa sababu baba mdogo hakumkaribisha Mwalimu ndani. Alimwuliza uani, mbele ya wanawake waliokuwa wamebaki kusafisha.

"Mwalimu, gari lilikosekana?"

"Halikukosekana."

"Basi kwa nini?"

"Nilimkuta amefurahi," Mwalimu akasema. "Nilishindwa."

Baba mdogo hakupandisha sauti. "Siku za kufurahi ziko nyingi, mwalimu. Ya kumzika mama yangu ilikuwa moja."

Mwalimu akasema, "Ni kweli, baba. Nilaumu mimi." Akarudi njia tuliyokuja nayo, viatu vyake vya mlimani bado vina udongo mwekundu wa Hanang. Hakuna aliyempa hata maji ya kunywa, na kwetu hilo si jambo dogo.

Wanawake walikuwa wananingoja nilie. Mmoja alikuwa ameshafungua mikono kunipokea. Na mimi, niamini nikikuambia, sikusikia kitu. Ilikuwa kama vile vidole vya asubuhi kabla ya kuvitia kwenye samadi. Unaviona ni vyako, unavibana, haviumi. Niliuliza kama ndama wamepewa maji. Nikasikia mtu nyuma akisema, huyu mtoto ana moyo gani. Nikaenda zizini, nikawapa ndama maji, nikaondoa samadi iliyokuwa imerundikana tangu niondoke. Nilipomaliza, baba mdogo akanipeleka kaburini chini ya mteremko. Udongo ulikuwa bado umevimba. Nilisimama pale nikijaribu kuanza kusimulia, maana niliahidi, lakini lile la kuanzia nililokuwa nimelipanga halikuja. Ndege, kamba, ugali, vyote vilikuwepo kichwani na vyote havikuwa na ladha. Nikasema tu, "Bibi, nimerudi," tukapanda kurudi nyumbani.

Shule ilipofunguliwa Mwalimu aliniita ofisini wenzake wakiwa darasani. Aliniambia kwamba yeye alipokuwa msichana mdogo alitolewa katikati ya mchezo wa rede, ameshika mpira, akaambiwa baba yake amekufa. Hakuwahi kucheza tena. Hata watoto wake wakimrushia mpira uani, mikono yake haifunguki.

"Nilitaka wewe ubakiwe na mlima," akasema. "Labda nilikosea. Niambie kama nilikosea."

Mtoto wa kidato cha tatu hamwambii mwalimu wake kwamba amekosea. Nikasema, "Asante, mwalimu." Akafuta macho, akaniruhusu nirudi darasani. Mwaka uliofuata alihamishiwa mkoa mwingine. Miaka mingi baadaye nilisikia amefariki. Nilikuwa dukani napima mbegu za alizeti, nikaendelea kupima.

Nimejaribu kumkasirikia na sijaweza. Nimejaribu kumshukuru, hilo nalo limegoma. Kilichobaki ni tabia tu. Siku ya harusi yangu, kabla ya kuingia kanisani, nilimwomba shemeji apige simu kijijini aulize kama wote ni wazima. Alidhani namtania. Binti yangu alipozaliwa, wauguzi wakinipongeza, mimi nilikuwa nauliza ni nani amepiga simu. Nikicheka sana popote, mwishoni mwa kicheko kuna mahali nageuka kuangalia njia. Mume wangu ameshazoea. Anasema mimi ni mtu mtulivu.

Basi lilipofika Katesh mwezi uliopita hatukwenda kwenye uwanja wetu wa zamani. Tangu mlima ulipoporomosha matope juu ya mji, kambi zimehamishiwa upande mwingine. Nilichukua bodaboda nikaenda mwenyewe kutazama. Kijito kimehama njia. Safu ya mikaratusi haipo, na pale tulipokuwa tunapiga mahema pamelimwa mbaazi, na katikati ya mbaazi yanaonekana mawe makubwa ambayo hayakuwepo. Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa anapalilia kama anakumbuka kambi za wanafunzi. Akasema yeye ni mgeni hapo, alihamia baada ya wenyewe kuondoka. Rafiki yangu wa Getanuwas sijui alipo; tuliandikiana hadi kidato cha nne, kisha akaolewa mbali na ng'ombe wa kwao. Blanketi la Bibi liliisha kwa kutumika, kama mablanketi yanavyoisha. Nilisimama nikitegemea kwamba pengine pale nitalia. Dereva wa bodaboda akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana, twende.

Nilirudi kwenye kambi mpya watoto wakiwa wanasimika mahema. Binti yangu alikuwa ameshika nguzo, anacheka na msichana ambaye nina hakika hawakuwa wanafahamiana asubuhi. Mwalimu wao, kijana mmoja mpole, alikuwa anapita kwa wazazi mmoja mmoja kabla basi halijaondoka. Alinisalimia shikamoo, akaniuliza kama mtoto ana ugonjwa wowote, kama anatumia dawa.

"Na jambo lingine, mama, samahani, tunawauliza wazazi wote. Kukitokea tatizo huko nyumbani, msiba kwa mfano, tumwambie mtoto, au tungoje hadi ashuke? Wenzako wote wamesema tungoje."

Nilimtazama binti yangu. Hema lilikuwa limewaangukia, yeye na mwenzake, na chini ya turubai walikuwa wanacheka hadi hawawezi kutoka.

"Mwambieni," nikasema.

"Siku hiyohiyo?"

"Saa hiyohiyo. Na mumlete."

"Hata akiwa amebakiza kidogo kufika kileleni?"

"Hata akiwa amebakiza hatua moja, mwalimu."

Akasema sawa, mama, akaenda kwa mzazi mwingine. Mimi nikabaki nimesimama nikilitazama lile hema. Binti yangu akachomoza kichwa chini ya hema, nywele zimejaa nyasi, akaniona.

"Mama! Unalia nini?"

Nikajigusa uso. Nikamwambia ni upepo wa mlima, aendelee na kazi yake.